Makofi ya Mirihi hupigwa mapema mno

Septemba 2025, shirika la anga la Marekani, NASA, lilitangaza kwamba kipande cha jiwe kilichokatwa na kigari Perseverance katika kreta ya Jezero, huko Mirihi, kina alama ambazo huenda ziliachwa na viumbe hai wa kale. Jiwe lenyewe, lililopewa jina la Cheyava Falls, lina madoa kama ya chui, na ndani ya madoa hayo kuna madini ya chuma yenye fosfati na salfaidi ambayo hapa duniani mara nyingi huhusishwa na kazi ya vijidudu. Haijathibitishwa, na watafiti wenyewe walisema wazi kwamba kemia isiyohitaji uhai inaweza pia kuleta madoa ya namna hiyo. Jibu litapatikana kipande hicho kikifika kwenye maabara za duniani. Lakini miezi minne tu kabla ya tangazo hilo, Mei 2025, Ikulu ya Marekani ilikuwa imetoa pendekezo la bajeti lililotaka mradi wa kuzileta sampuli hizo ufutwe. Wengi walizipokea habari hizi mbili kama vitu visivyohusiana, moja ya sayansi na nyingine ya siasa za pesa. Ni habari moja, na mzizi wake uko kwenye usiku ule wa Februari 18, 2021, watu waliposhangilia kigari kikigusa ardhi, kisha wakazima skrini wakiamini kazi imekwisha.

Msimamo wangu ni kwamba shamrashamra za kutua zimewekwa mahali pasipo pake. Kutua ni usafirishaji. Ni usafirishaji mgumu kuliko karibu wote ambao binadamu amewahi kuufanya bila kuwapo mwenyewe, lakini hautuambii lolote kuhusu kama mzigo uliofikishwa utafanya kazi. Kwa kuzipa dakika saba za kushuka hadi ardhini uzito wote, tunapima vibaya kushindwa, tunapima vibaya mafanikio, na tunawaachia wapanga bajeti nafasi ya kukata pale ambapo hakuna anayetazama.

Tuanze na hizo dakika saba, maana hata wanaozishangilia mara nyingi hawaelezwi ugumu wake uko wapi. Tatizo ni hewa ya Mirihi. Ni nzito ya kutosha kuunguza chombo, ila ni nyepesi mno kukisimamisha: mgandamizo wake ardhini haufikii asilimia 1 ya ule wa duniani. Perseverance, chenye uzito wa kilo 1,025, kiliingia kwenye hewa hiyo kwa kasi ya karibu kilomita 19,500 kwa saa. Ngao ya joto ilibeba sehemu kubwa ya kazi ya kupunguza kasi, uso wake ukifikia nyuzi 1,300 hivi, huku roketi ndogo zikiigeuzageuza kapsuli ili ielee kuelekea shabaha badala ya kuporomoka tu. Baada ya kama dakika nne ilifunguka parachuti yenye kipenyo cha mita 21.5, kasi ikiwa bado juu ya ile ya sauti. Wakati wa kuifungua haukuamuliwa na kasi peke yake kama zamani. Kompyuta ilipima umbali uliobaki hadi shabaha, na mbinu hiyo ilisaidia kubana eneo la kutua hadi duaradufu ya kilomita 7.7 kwa 6.6. Sekunde 20 baadaye ngao ikadondoshwa, rada ikaanza kuona ardhi, na kamera ikapiga picha ambazo kompyuta ilizilinganisha na ramani iliyobeba ili kuchagua mahali pasipo na mawe makubwa. Parachuti, kwa ukubwa wake wote, iliweza tu kuishusha kasi hadi kilomita 320 hivi kwa saa. Ndiyo maana kwenye kimo cha kilomita 2 hivi iliachwa, injini nane za roketi zikawaka, na mita 20 kutoka ardhini kigari kikateremshwa kwa kamba za nailoni hadi kikagusa chini kwa kasi ya mtu anayetembea polepole. Kamba zikakatwa kwa baruti ndogo, na jukwaa la roketi lililokiteremsha likajirusha kwenda kuanguka mbali.

Siku hiyo ishara ya redio ilihitaji dakika 11 na ushei kufika duniani. Yaani wahandisi walipopata habari kwamba chombo kimeanza kuingia kwenye hewa, kwa kweli kigari kilikuwa tayari kiko ardhini, kizima au vipande vipande. Hakuna aliyekuwa akiendesha chochote katika chumba cha udhibiti. Kila uamuzi ulikuwa umeandikwa kwenye programu na kujaribiwa miaka mingi kabla, na uso wa wasiwasi tuliouona kwenye runinga ulikuwa wa mtu anayesubiri matokeo ya mtihani aliokwisha kuufanya. Kwa hiyo anayetaka kuiona kazi ya kutua ikifanyika aende kwenye majaribio. Mwaka 2019 parachuti za kigari cha Ulaya, Rosalind Franklin, zilichanika mara mbili katika majaribio ya kuangushwa kutoka kwenye puto huko Kiruna, Sweden: Mei zote mbili zilipata madhara, ile ya mita 15 na ile ya mita 35, na Agosti ile ya mita 35 ikachanika tena kabla hata haijajaa hewa. Kasoro ilikuwa kwenye jinsi kitambaa kilivyotoka mfukoni, kwa msuguano mkali uliokichana. Wakabadilisha muundo wa mfuko na namna ya kukunja kamba zake. Tukio hilo lilikuwa na thamani kubwa kuliko makofi yoyote, na ni wachache walilisikia.

Hapo ndipo tunapokosea kuhukumu kushindwa. Chukua vyombo viwili vilivyoanguka. Mars Polar Lander cha NASA kilipotea Desemba 3, 1999. Uchunguzi ulifikia kwamba sababu yenye uwezekano mkubwa ilikuwa mtikisiko wa miguu ilipokunjuka: vihisi vya miguuni vikausoma kama kugusa ardhi, programu ikauhifadhi ujumbe huo, na chombo kilipofika kama mita 40 kutoka chini kompyuta ikauangalia, ikaamini kimeshatua, ikazima injini. Kikaanguka kwa kasi ya karibu kilomita 80 kwa saa. Nasema “yenye uwezekano mkubwa” kwa sababu chombo hicho hakikutengenezwa kutuma taarifa wakati wa kushuka. Uzito na pesa viliokolewa hapo, na gharama yake ikawa kutojua kwa hakika. Sasa kilinganishe na Schiaparelli cha Ulaya, kilichoanguka Oktoba 19, 2016. Parachuti ilipofunguka, chombo kiliyumba kwa nguvu kuliko ilivyotarajiwa, na kifaa cha kupima mzunguko wake kikafika ukomo wa kipimo kwa takriban sekunde moja. Sekunde hiyo ilitosha. Kompyuta ilibeba kosa hilo mbele, ikaamini chombo kimeinama vibaya, na ilipoliunganisha na vipimo vya rada ikapata jibu kwamba kimo chake kiko chini ya usawa wa ardhi. Basi ikafanya kile inachopaswa kufanya baada ya kufika: ikaachia parachuti, ikawasha roketi kwa sekunde 3 tu, ikazizima, chombo kikiwa bado kilomita 3.7 juu.

Magazeti yaliandika kwamba Ulaya imefeli. Kwa jicho la fundi, vyombo hivi viwili haviko kundi moja hata kidogo. Schiaparelli kilituma data karibu njia nzima ya kushuka, ndiyo maana tunajua kosa hadi sekunde, na kazi yake rasmi ilikuwa hiyohiyo ya kujaribu teknolojia ya kutua. Kilifeli kutua na kikafaulu kufundisha. Kinyume chake kipo pia. Beagle 2 cha Waingereza kilitoweka siku ya Krismasi 2003 na kwa zaidi ya miaka 11 kilihesabiwa kuwa kimepasuka. Januari 2015 picha za setilaiti zikakionyesha kiko ardhini, kizima, ila paneli zake za sola hazikukunjuka zote, na antena ilikuwa chini yake. Kilitua! Kwa kipimo cha usiku wa shangwe kingestahili makofi, na kwa kipimo cha sayansi hakikuleta hata namba moja. Na huko Zuhura, Desemba 15, 1970, chombo cha Kisovieti Venera 7 kilianguka kwa nguvu baada ya parachuti yake kuharibika, ishara ikafifia, ikaonekana kimekufa. Baadaye walipozipitia upya kanda walikuta ishara dhaifu mno iliyodumu dakika 23 baada ya kugusa ardhi, pamoja na vipimo vya joto la nyuzi 475 hivi. Ndiyo ishara ya kwanza kabisa kutumwa kutoka juu ya ardhi ya sayari nyingine, na siku ilipotokea hakuna aliyeijua.

Kazi inayofuata baada ya kutua haina hesabu ya sekunde wala chumba cha kushangilia, lakini ndiyo iliyolipiwa. InSight, chombo cha NASA, kilitua Mirihi Novemba 26, 2018 bila dosari. Kilibeba vifaa viwili vikuu. Kimoja kilikuwa kipimajoto kilichofungwa kwenye chuma cha sentimita 40 kilichotakiwa kujipigilia chenyewe ardhini hadi mita 5. Chuma cha aina hiyo hutegemea mchanga ukibane pembeni. Usipokibana, kila pigo hukirudisha juu. Udongo wa mahali pale ulishikamana na kuacha shimo pana badala ya kukibana. Wahandisi walikibana kwa koleo la mkono wa roboti, wakakisukuma kutoka juu, na Januari 2021, baada ya karibu miaka miwili ya kuhangaika, wakakiacha kikiwa kimezama kiasi cha kufunikwa tu. Kifaa cha pili kilikuwa kipima matetemeko. Hicho kilinasa matetemeko zaidi ya 1,300 na kutupa kwa mara ya kwanza vipimo vya kiini cha Mirihi kutokana na mitetemo ya ndani ya sayari. Kutua kulikuwa kumoja, na mizigo miwili ikaishia pande mbili tofauti. Aliyetazama kutua tu hakuwa na njia ya kujua.

Mifano ya namna hii imejaa. Phoenix, chombo kingine cha NASA, kilipotua kaskazini ya Mirihi mwaka 2008, udongo wake wa kwanza uligoma kupita kwenye wavu wa tanuri la kuupimia kwa sababu ulikuwa umegandamana. Ikabidi wavu utikiswe kwa siku kadhaa ndipo chembe zikadondoka. Keekee ya Curiosity, kigari cha NASA kilichotangulia Perseverance, ilikwama Desemba 2016 kwenye sehemu inayoisogeza mbele, na iliwachukua wahandisi mwaka mmoja na nusu kubuni namna ya kutoboa kwa kuisukuma kwa mkono mzima wa roboti, hadi Mei 2018 walipopata tundu la sentimita 5. Magurudumu ya kigari hichohicho, yenye ngozi ya alumini isiyofikia milimita 1, yalianza kutoboka mwaka 2013 kwa mawe yaliyochongoka yasiyobanduka ardhini, na tangu hapo njia zake huchaguliwa kwa kukwepa ardhi ya aina hiyo. Hata Perseverance, Agosti 2021, kilifunga mrija wake wa kwanza wa sampuli ya jiwe ukiwa mtupu: keekee ilifanya kila kitu sawasawa, jiwe likasagika unga na kubaki tunduni. Haya hayaonyeshwi mubashara, na sijui nani angekaa kuyatazama.

Wanaozitetea shamrashamra wana hoja, na moja kati yake ni nzito. Si ile ya fahari ya taifa; hiyo ipo, China iliionyesha kwa kigari chake Zhurong Mei 2021 kama Marekani ilivyokwisha kufanya, na haina haja ya kujadiliwa sana. Hoja nzito ni kwamba umakini wa watu ndio unaofungua mfuko wa serikali. Ushahidi upo. Curiosity kilitua Agosti 2012, na Desemba mwaka huohuo NASA ikatangaza itatengeneza kigari kingine kwa muundo uleule. Ndicho Perseverance. Asiyeona uhusiano kati ya shangwe ile na tangazo lile anajifumba macho. Lakini tazama shangwe ilinunua nini: ilinunua kutua kwingine. Ilinunua kile kilichoshangiliwa. Haikununua roketi ya kuziinua sampuli kutoka Mirihi, wala chombo cha kuzidaka angani na kuzirudisha, ingawa vyote hivyo ni nusu ya pili ya mradi ambao kigari kilikuwa nusu yake ya kwanza. Wala haikununua setilaiti za kupokezana mawasiliano. Karibu picha na data zote za vigari hupita kwenye setilaiti zinazoizunguka Mirihi, na kati ya zinazotegemewa, Mars Odyssey ilifika mwaka 2001 na Mars Reconnaissance Orbiter mwaka 2006. Kigari kizima kisicho na setilaiti juu yake hubaki na antena yake ndogo ya moja kwa moja, inayotuma kwa kudonadona. Ni sehemu ya mradi isiyo na msisimko wowote, na ndiyo inayozeeka.

Hoja dhaifu ziko pande zote mbili. Iliyo dhaifu kuliko zote ni ile ya pesa zinazotupwa angani. Perseverance kiligharimu takriban dola bilioni 2.7, na pesa hizo zililipwa kwa miaka karibu kumi kwa watu walioko duniani: mafundi, wahandisi, viwanda, maabara. Kilichokwenda Mirihi ni chuma, plutoniamu kidogo na programu. NASA yote hupata chini ya nusu ya asilimia 1 ya bajeti ya serikali kuu ya Marekani, na hakuna sheria inayosema ikikatwa hapo itakwenda hospitalini. Hata hivyo nawaonea haya kidogo wanaojibu kwa kuorodhesha vifaa vya nyumbani vilivyotokana na safari za anga. Ukitaka kifaa cha nyumbani, kitengeneze. Ni rahisi zaidi. Sababu ya kwenda Jezero ni kujua kama uhai ulianza mara mbili kwenye sayari za jua moja, na mtu asiyeliona hilo kuwa linafaa kulipiwa hatashawishiwa na sufuria isiyoshika chakula.

Wakosoaji wa mradi wa sampuli, kwa upande wao, si wajinga. Mwaka 2023 jopo huru liliukadiria kugharimu kati ya dola bilioni 8 na 11. Aprili 2024 mkuu wa NASA wakati huo, Bill Nelson, akasema bilioni 11 ni nyingi mno na kusubiri sampuli hadi 2040 ni mbali mno. Bilioni 11 ni gharama ya Perseverance vinne, na kitu hicho hakijawahi kufanyika: kutua na roketi yenye mafuta, kuiacha kwenye baridi kali, kisha kuirusha bila mtu yeyote karibu. Mtu anayesema tusubiri tupate njia nafuu ana haki ya kusikilizwa. Nisichokubali ni kuuita mradi huo nyongeza. Kigari kilitengenezwa kukata na kufunga mawe kwenye mirija 43, mitano kati yake ikiwa ya kuhakiki usafi, kwa dhana kwamba mtu atakuja kuichukua. Kilirushwa kabla nusu ya pili haijalipiwa. Kutua kukasherehekewa kama mwisho wa safari, na ilipofika zamu ya kulipia kurudi, bili ilionekana kama ya mradi mpya.

China imejipanga kwa namna nyingine. Tianwen-3 imepangwa kurushwa karibu 2028 na kurudi na sampuli karibu 2031, ikichota karibu na mahali pa kutua, pamoja na kutoboa hadi mita 2 chini. Ikifaulu itashangiliwa, na itastahili. Ila “nani alileta jiwe la kwanza” na “jiwe gani lililetwa” ni maswali mawili. Mahali pa kutua chombo kisichotembea lazima pachaguliwe kwanza kwa usalama wa kutua, tambarare na pasipo mawe, wakati Perseverance kimetumia miaka kupanda mdomo wa mto wa kale na kuchagua jiwe baada ya jiwe. Toboo la mita 2 lina faida yake, kwa sababu mnururisho wa angani huharibu molekuli za juu. Lakini halitatoka Cheyava Falls.

Kuna jambo la kiufundi ambalo linapaswa kuwa kwenye kila mjadala wa bajeti hiyo, na sijaliona likitajwa vya kutosha. Kati ya Desemba 2022 na Januari 2023 Perseverance kiliweka chini mirija 10 mahali panapoitwa Three Forks, kama akiba endapo kigari kitakufa. Jiwe la madoa lilikatwa Julai 2024. Kwa hiyo halimo katika akiba hiyo. Limo tumboni mwa kigari, pamoja na mirija mingine yote iliyojazwa baadaye. Umeme wa kigari hutoka kwenye plutoniamu na hauogopi vumbi, lakini magurudumu, mota za mkono na kompyuta vinazeeka kila siku ya Mirihi inayopita, na kikisimama kwenye mteremko wa ukingo wa kreta, chombo chochote kitakachokuja kitalazimika kukifuata hapohapo na kuitoa mirija ndani ya mashine isiyoitikia amri. Uamuzi wa kuweka akiba ya pili, wapi, lini, na kwa mirija ipi, unaweza kufanywa sasa bila kusubiri bilioni yoyote. Hauna hesabu ya sekunde na hautaonyeshwa mubashara.